Presha ndani ya fuvu bila kutoboa fuvu: milimita si mmHg

Ala ya neva ya jicho, yaani utando unaoizunguka, ikisoma upana wa milimita 5.8 kwenye altrasaundi, presha ndani ya fuvu ni ngapi? Hakuna ajuaye. Yaweza kuwa mmHg (milimita za zebaki, kizio cha presha) 16, yaweza kuwa 30. Linaloweza kusemwa ni kwamba presha ya mgonjwa huyo ina uwezekano mkubwa wa kuwa imepanda kuliko ya mwenzake wa kitanda cha pili aliyesoma 4.6. Kauli hizi mbili ziko mbali sana, lakini kuruka kutoka moja kwenda nyingine ni rahisi, hasa saa tisa usiku mashine ikiwa imeshatoa namba yenye nukta.

Tunawaandikia madaktari, maafisa tabibu, wauguzi na watu wa dawa za usingizi wa huku kwetu: Moshi, Arusha, na hospitali za Rombo, Same, Karatu na Monduli zinazoleta wagonjwa mjini. Wagonjwa wa kichwa tunawajua. Ni vijana wa bodaboda na abiria wao, watembea kwa miguu wa barabara ya Moshi–Arusha, walioanguka kutoka mtini, watoto wa kichwa kujaa maji, wenye homa ya uti wa mgongo ya kuvu wanaoishi na VVU, na mara mojamoja mpanda mlima aliyeshushwa Kilimanjaro akiyumba. Wengi wao hawatawekewa kipimo cha ndani ya fuvu kamwe. Kwa hiyo swali la usahihi wa vipimo vya nje huku si la kitaaluma tu, ndilo linaloamua nani anapewa manitoli (dawa ya kushusha presha ya fuvu), nani anakimbizwa CT na nani anaangaliwa hadi asubuhi.

Kwanza tujue kosa linapimwa dhidi ya nini. Rejea ni mrija unaopitishwa kwenye tundu la fuvu hadi kwenye vyumba vya maji ya ubongo, ukaunganishwa na transdyusa (kihisi cha presha) iliyosawazishwa usawa wa tundu la sikio. Mtu mzima aliyelala chali husoma mmHg 7 hadi 15. Mwongozo wa majeraha ya ubongo wa Brain Trauma Foundation, taasisi ya Marekani, wa 2016 unataka tiba ianze presha ikivuka 22. Kiwango cha Marekani cha vifaa hivi kinadai kosa lisizidi mmHg 2 presha ikiwa kati ya 0 na 20, na juu ya hapo lisizidi asilimia 10. Kimoja kimoja cha vipimo vya nje kimewahi kuripotiwa kukaribia hapo. Watafiti wa Lithuania, kwa mfano, walichapisha mwaka 2012 kipimo cha Dopla (altrasaundi inayopima mwendo wa damu) kinacholinganisha mtiririko wa ateri ya jicho sehemu iliyo ndani ya fuvu na ile iliyo nje huku jicho likibanwa kidogo, na matokeo yalikuwa mazuri kwa wagonjwa wao. Lakini kwenye vifaa ambavyo hospitali ya kawaida inaweza kuwa navyo, tarajia kosa la mmHg 10 au zaidi kwa mgonjwa mmoja mmoja. Ukilijua hilo tangu mwanzo, hutakiomba kipimo kitu ambacho hakina.

Kuna jaribio linalonukuliwa sana kila tunapozungumzia uhaba wa vifaa, lile la Bolivia na Ecuador lililochapishwa 2012. Wagonjwa 324 wenye jeraha kubwa la ubongo waligawanywa: nusu wakaongozwa na kipimo cha ndani ya fuvu, nusu wakaongozwa na uchunguzi wa kitandani na CT za kurudia. Matokeo hayakutofautiana. Wapo wanaolitumia kusema presha haina haja ya kuhangaikiwa. Hapana. Makundi yote mawili yalitibiwa kwa nguvu dhidi ya presha, ndani ya ICU, na uchunguzi wa mara kwa mara. Kilicholinganishwa ni kiongozi wa tiba, si tiba yenyewe. Kwetu somo ni kwamba uchunguzi uliopangwa na kurudiwa kwa saa una thamani halisi, mradi ufanyike kweli.

Ishara za kitandani zenyewe, ukizichukua moja moja, ni dhaifu kuliko tunavyofundishwa. Uchambuzi mkubwa uliotoka kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka 2019, ukikusanya tafiti 40, ulikuta kwamba mboni iliyopanuka inawakamata asilimia 28 tu ya wenye presha iliyopanda. Maana yake, ukisubiri mboni umeshachelewa kwa saba kati ya kumi. Alama za Glasgow (kipimo cha fahamu, 3 hadi 15) zikiwa 8 au chini huwakamata robo tatu, ila hupiga kengele ya uongo kwa wengi sana: kati ya wasio na presha ya juu, asilimia 40 tu ndio huachiliwa. CT inayoonyesha mabirika ya chini ya ubongo (nafasi za maji) yamebanwa hukamata asilimia 86, na huwaachilia sawasawa asilimia 61. Ubongo kusogea milimita 10 au zaidi kutoka mstari wa kati ni ishara nzito ikionekana, lakini huonekana kwa mmoja kati ya watano. CT safi, basi, haimwachii mgonjwa. Tena CT ni picha ya dakika moja, na uvimbe wa ubongo huendelea kukua mgonjwa akiwa amesharudishwa wodini.

Ala ya neva ya jicho

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndicho kipimo kinachowezekana zaidi. Neva ya jicho imefunikwa na utando ule ule unaofunika ubongo, na maji ya ubongo huingia hadi nyuma ya jicho. Presha ikipanda, ala hutanuka, na hutanuka zaidi milimita 3 nyuma ya jicho kuliko kwingine. Ndiyo maana kila mtu anapima hapo. Ukipima milimita 5 nyuma, unapima kitu kingine.

Tatizo la kwanza ni probu, kile kichwa cha altrasaundi kinachogusa ngozi. Hospitali nyingi za wilaya zina altrasaundi, lakini probu iliyopo ni ile ya kupinda, ya tumbo na wajawazito, ya megahezi 3.5 hivi. Haifai. Kwenye tishu sauti husafiri mita 1,540 kwa sekunde, hivyo wimbi la megahezi 3.5 lina urefu wa milimita 0.44, na la megahezi 10 lina 0.15. Tofauti kati ya ala ya kawaida na ya kutisha ni kama milimita 0.7. Huwezi kupima 0.7 kwa wimbi la 0.44 halafu ukaandika nukta. Tafuta probu iliyonyooka, ya megahezi 7.5 kwenda juu, ile inayotumiwa kwa tezi la shingo, mishipa au matiti. Kama haipo, acha kipimo hiki.

Kabla ya jeli, hakikisha jicho halijapasuka. Dereva wa bodaboda aliyeumia uso anaweza kuwa na jicho lililotoboka chini ya kope lililovimba, na hapo huweki probu. Jicho likiwa zima, mlaze chali, kichwa kimenyooka, na uandike kitanda kimeinuliwa digrii ngapi maana utarudia baadaye. Funga kope, mwaga jeli nyingi juu yake, egesha kiganja kwenye paji la uso au mfupa wa shavu ili probu ielee kwenye jeli bila kukandamiza. Kukandamiza jicho kunapunguza mapigo ya moyo, na kwa mgonjwa ambaye ubongo wake umebanwa hilo si jambo la kujaribia. Chagua mpangilio wa jicho kwenye mashine. Kama haupo, shusha nguvu ya sauti mwenyewe: kikomo cha jicho kwa kielelezo cha kimitambo ni 0.23, na kile cha joto kisizidi 1. Mpangilio wa mishipa au misuli huwa juu ya hapo.

Weka kina sentimita 4 hivi. Tafuta ukanda mweusi unaotoka nyuma ya jicho ukiwa umenyooka, na uhakikishe lenzi na ukuta wa nyuma wa jicho vinaonekana kwa wakati mmoja. Ukiwa na shaka, washa Dopla ya rangi: ateri ya retina hupita katikati ya neva, itakuonyesha mhimili. Gandisha picha, shuka milimita 3 kutoka ukuta wa nyuma, kisha pima kwa upana, mstari ukikatiza mhimili wa neva kwa pembe mraba. Chukua vipimo viwili au vitatu kila jicho, kwa probu ya kulala na ya kusimama, upate wastani.

Sasa makosa. Kubwa kuliko yote ni mahali pa kuweka alama za kupimia. Katikati kuna neva nyeusi. Pembeni mwake utepe mweupe wa nafasi ya maji. Kisha mstari mwembamba mweusi, ndio utando mgumu. Nje yake mafuta meupe ya tundu la jicho. Mmoja huweka alama ndani ya mstari mweusi, mwingine nje yake. Tofauti yao inaweza kufika nusu milimita au kupita, yaani karibu umbali wote kati ya mzima na mgonjwa. Weka ndani ya mstari mweusi pande zote mbili, na andika kwamba ndivyo ulivyofanya. Wodi moja isiwe na desturi mbili.

La pili ni kivuli. Boriti ikipita ukingoni mwa lenzi au ikikutana vibaya na kichwa cha neva, hutupa giza nyuma linalofanana kabisa na ala pana. Dalili yake ni ukanda mweusi wenye kingo zilizonyooka kama rula, usio na utepe mweupe ndani. Sogeza probu upande wa nje wa jicho uelekeze boriti kidogo puani, giza litahama. Ala halisi haihami. La tatu, mwanga ukiongezwa mno vitu vyeupe huvimba kwenye skrini na kuila ala, nayo husomeka nyembamba kuliko ilivyo. Punguza mpaka mstari wa utando utengane na mafuta.

Kizingiti je? Uchambuzi wa 2018 uliounganisha tafiti 7 za watu wazima waliokuwa na kipimo cha ndani ulipata eneo chini ya mkunjo la 0.94. Hiyo inasema: mchukue mmoja mwenye presha ya juu na mmoja asiye nayo, kipimo kitawapanga kwa usahihi mara 94 kati ya 100. Ni matokeo mazuri sana ya kupanga. Ila kila utafiti ulichagua kizingiti chake baada ya kuona data yake mwenyewe, kuanzia chini kidogo ya milimita 5 hadi zaidi ya 6, na kizingiti kilichochaguliwa hivyo daima huonekana kizuri kuliko kitakavyokuwa kwa wagonjwa wapya. Kwa mtu mzima sisi tunaona hivi: chini ya 5.0 kwa picha safi, presha ya juu haielekei. Juu ya 6.0, chukulia imepanda mpaka CT ikuambie vingine. Kati ya hapo ni eneo la kijivu, na eneo la kijivu linatibiwa kwa kurudia kipimo na kumwangalia mgonjwa, si kwa kubahatisha. Ukiweza, gawanya upana wa ala kwa upana wa jicho lenyewe. Macho hayalingani, na uwiano huo, ambao kwa kawaida ni kama 0.19, hupunguza sehemu ya tofauti hiyo. Watoto wasipimwe kwa kizingiti cha baba zao. Utafiti wa Cape Town uliohusisha watoto waliopimwa pia ndani ya fuvu ulionyesha kizingiti hubadilika kwa umri, na utosi ukiwa wazi una kipimo kingine mkononi: kidole chako na utepe wa kupimia mzunguko wa kichwa.

Jambo moja zaidi linawapotosha wengi. Ala si mpira mpya. Ikitanuka sana au kwa muda mrefu, haisinyai presha inaposhuka. Ukimpa mgonjwa dripu ya chumvi kali ya kushusha presha ya fuvu, ukapima baada ya nusu saa na ala ikabaki 6.3, huwezi kusema dawa imeshindwa. Kwa kufuatilia kupanda, kipimo ni kizuri. Kwa kufuatilia kushuka, ni shahidi wa mashaka.

Dopla ya mishipa ya ubongo

Probu ni ya megahezi 2, kwenye dirisha la mfupa juu ya shavu mbele ya sikio, ateri ya kati ya ubongo ikitafutwa kina cha milimita 45 hadi 60. Baadhi ya watu mfupa wao haupitishi sauti kabisa, hasa wanawake wenye umri mkubwa, na kwao kipimo kimeishia hapo.

Kuna fomula iliyoenea kutoka utafiti wa 2004: presha ni 10.93 mara kielelezo cha mapigo (kasi ya juu ya damu toa ya chini, gawa kwa ya wastani), toa 1.28. Tunashauri isitumike. Kundi la Cambridge lilipoipima kwa wagonjwa wengi, lilikuta thamani moja ya kielelezo inaweza kuambatana na presha zilizotofautiana zaidi ya mmHg 15 juu au chini. Sababu iko wazi ukifikiri kinachopimwa. Kielelezo hupanda mishipa midogo ikibana, na hewa ya ukaa ikishuka mishipa hubana. Kwa hiyo mgonjwa akipumulishwa haraka kwa begi, presha ya fuvu inashuka huku kielelezo kinapanda. Namba inakwambia kinyume cha ukweli. Presha ya damu kushuka hukipandisha pia.

Njia ya busara kidogo hutumia presha ya damu ndani ya hesabu. Gawanya kasi ya chini ya damu katika ateri kwa kasi ya wastani, zidisha kwa wastani wa presha ya damu, ongeza 14: hiyo ndiyo presha inayosukuma damu ubongoni. Iondoe kwenye wastani wa presha ya damu, upate ya fuvu. Mfano: wastani 90, kasi ya chini 30, ya wastani 60. Nusu ya 90 ni 45, ongeza 14 ni 59. 90 toa 59 ni 31. Sasa mkanda wa presha wa mkononi ukikosea mmHg 8, jambo la kila siku, jibu linahama mmHg 4, zaidi ya kosa la asilimia 10 linaloruhusiwa kwa kipimo kizima, na hapo hujagusa makosa ya Dopla yenyewe. Utafiti wa hospitali 16 uliotoka 2022, wagonjwa 262, ulionyesha njia hii inafaa kuondoa wasiwasi: ikisema presha haiko juu, huwa kweli zaidi ya mara 90 kati ya 100. Ikisema iko juu, thibitisha.

Vingine kwa ufupi. Kuvimba kwa kichwa cha neva ndani ya jicho ni ishara nzuri ya presha ya siku nyingi, lakini huchukua muda kujitokeza. Jicho safi saa nne baada ya ajali halisemi kitu. Kifaa cha kupima mwitikio wa mboni kwa namba kinaondoa ubishi wa "inaitikia kidogo," na alama chini ya 3 kwa 5 ni mbaya, ila hakipimi presha. Presha ya jicho lenyewe isitumike kabisa kwa kazi hii. Kihisi cha Brazili kilichoanzishwa na mwanafizikia Sérgio Mascarenhas hushika mtanuko mdogo mno wa mfupa wa fuvu na kuchora umbo la wimbi: kilele cha pili kikizidi cha kwanza, ubongo umeishiwa nafasi. Kinatoa umbo, si mmHg, nacho kinasema hivyo wazi, jambo la kupongezwa.

Usahihi wa kipimo hubadilika pia kulingana na unampima nani. Chukua kipimo kinachokamata asilimia 90 na kuachilia asilimia 85. ICU yenye wagonjwa 100 wa ajali kubwa, 40 wakiwa na presha ya juu: utapata majibu 45 ya "iko juu," 36 yakiwa ya kweli. Sasa kipeleke mapokezi kwa watu 200 wenye maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa, 20 tu wakiwa na presha ya juu: utapata tena majibu 45 ya "iko juu," lakini ya kweli ni 18. Mashine ile ile, mikono ile ile. Upande wa pili, mapokezi "haiko juu" itakuwa kweli kwa 153 kati ya 155. Kipimo hiki mapokezi ni cha kuwatoa watu kwenye foleni ya CT kuliko kuwaingiza.

Mlimani mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ala hutanuka hata kwa baadhi ya wapandaji wasio na dalili. Kwa hiyo upana wake hautenganishi vizuri mgonjwa na mzima. Mpandaji anayeshindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka au anayechanganyikiwa ana uvimbe wa ubongo wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Anashushwa, anapewa oksijeni na deksamethasoni miligramu 8, kisha 4 kila saa sita. Asisubirishwe kwa ajili ya altrasaundi.

Na kwa homa ya kuvu, CT au uchunguzi ukishaondoa hofu ya uvimbe unaosukuma upande mmoja, sindano ya mgongoni ndiyo kipimo, si ala. Angalia tu vizio: manomita husoma sentimita za maji, na ili kupata mmHg unagawa kwa 1.36. Sentimita 25, ambapo maji huanza kutolewa hadi ishuke chini ya 20 au nusu, ni mmHg 18. Manomita ikikosekana, mpira safi wa dripu ulioshikwa wima na rula pembeni unatosha, mgonjwa akiwa amelala ubavu, sifuri ikiwa usawa wa sindano.

Kwenye fomu ya rufaa usiandike "presha ya fuvu 25 kwa altrasaundi." Andika: ala kulia 6.1, kushoto 5.9, milimita 3 nyuma ya jicho, ndani ya utando, probu megahezi 10, kitanda digrii 30, presha ya damu kadhaa, Glasgow kadhaa kwa vipande vyake, mboni zote mbili kwa milimita, dawa ya mwisho na saa yake, saa ya kipimo. Anayepokea ataweza kurudia kitu kile kile na kuona kama kimesogea.